Usinipigie simu, niandikie

Nairobi, 20 Agosti 2023

Ndugu yangu Abdalla,

Assalaam aleikum. Natumai hapo Malindi hamjambo nyote, na Mama miguu imempoa. Huku tu wazima, ila baridi ya mwaka huu imekataa kuondoka. Mama Twaha anawasalimu. Lile deni la fundi wa paa nimelimaliza, litoe moyoni. Dawa za Mama zimo ndani ya mzigo huu huu uliokuja na barua, zile za asubuhi nimezifunga mbali.

Najua utashangaa kuona karatasi, na simu unayo mkononi. Simu nimeiogopa. Tukianza kuzungumza nitakutilia maneno mdomoni, nawe nakujua, utaitikia tu ili nisivunjike moyo. Jambo hili nataka ulijibu kwa kumbukumbu yako mwenyewe. Kwa hiyo isome mpaka mwisho, ukae chini uandike, ndipo tupigiane.

Nilikwenda bwawani, Bwawa letu la Nairobi, pale chini ya Kibera.

Kwa juu huwa napita, upande wa Highrise, lakini mtu akipita na matatu haoni kitu. Safari hii nilishuka hadi chini kwa miguu, na Twaha. Mwalimu wake aliwapa kazi ya likizo: kila mtoto amuulize mzazi habari za mahali palipobadilika, waende wapaone, kisha achore ukurasa mmoja palivyokuwa na mmoja palivyo. Mwenzangu, nilifurahi kama niliyeitwa harusini. Siku tatu mfululizo nilikuwa namsimulia. Jumamosi asubuhi tunatoka Makina, tunavuka reli, tunateremka Silanga, nyungunyungu wamo kwenye pakiti ya maziwa ya Nyayo, mshipi tumeuzungusha kwenye kopo la Kimbo, boya ni kipande cha ndara ya mtu aliyeitafuta ndara yake mpaka akachoka. Nikamsimulia zile mashua za klabu, matanga meupe siku za Jumapili, na ndege ndogo za uwanja wa Wilson zinavyopita chini hadi unaliona tumbo lake. Nikamweleza kwamba bwawa lilijengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya mji, ekari kama 88, maji matupu. Nikamwambia ng'ambo ilikuwa mbali kiasi kwamba Rama akiita kutoka huko, sauti inafika amekwisha kufunga mdomo. Hapo nilitia chumvi kidogo. Ulikuwepo, unajua si nyingi.

Abdalla, maji hayapo.

Nilijua kuna gugu maji, nani asiyejua, limetanda pale tangu miaka ya tisini inakwisha. Lakini kujua ukiwa nyumbani ni kitu kingine. Gugu limefunga kote, juu yake kumeota nyasi, na juu ya nyasi watu wanalima. Kuna nduma, sukuma wiki na miwa. Tulikanyaga mahali ambapo zamani ungezama na kupotea, na ardhi ikawa inatikisika chini ya miguu kama godoro. Twaha alicheka akawa anarukaruka, nikamshika mkono. Sikuweza kucheka. Kuna kamfereji kamoja tu keusi kanakopita katikati, hako ndiko kaliko­baki ka mto Motoine, na harufu yake ilitufuata hadi nyumbani. Vyoo vya mtaa mzima vinaishia mle, na takataka, na udongo wa mvua kutoka juu kote. Gugu lenyewe ndicho chakula chake hicho: maji yakichafuka ndivyo linavyonenepa. Likishafunika, mwanga hauingii, hewa haiingii, samaki anakosa pumzi humo humo majini. Ngege watakuwa walikwenda mapema. Kambare ndiye angejikongoja, kwa sababu yeye anaweza kupanda juu akavuta hewa. Unamkumbuka yule aliyelala kwenye karai la bibi usiku kucha, asubuhi tukamkuta bado anachezesha masharubu?

Samahani, hilo sikutakiwa kukukumbusha. Au hilo lisihesabiwe.

Basi nikaenda kulitafuta jiwe. Nilianzia kwenye tuta, pale maji yalipokuwa yakimwagikia nje, nikahesabu hatua kama tulivyokuwa tukihesabu. Sitakuambia ngapi. Nikageuka upande ule, sitakuambia upi. Nikafika, na palikuwa na shamba la nduma. Jiwe halipo. Nikarudi nikahesabu tena kwa hatua fupi, maana miguu yetu ilikuwa ya watoto wa miaka kumi, kumi na moja. Nikatokea mahali pengine, napo hamna kitu. Mara ya tatu Twaha ndiye aliyehesabu, kwa kuwa yeye ndiye mwenye miguu ya umri ule. Sijui kwa nini sikumfikiria yeye tangu mwanzo. Naye alifika akasimama katikati ya miwa ya mtu, ananitazama, anangoja nimwambie kama ndipo.

Kulikuwa na mama mmoja anapalilia. Tukasalimiana vizuri, nikamuuliza kama aliwahi kuona jiwe kubwa bapa maeneo hayo, tulikuwa tukikaa juu yake tukivua samaki. Akainuka, akafuta jembe, akasema: "Baba, samaki wapi? Mimi nalima hapa huu mwaka wa kumi na nne. Hapa hapajawahi kuwa na bwawa la samaki." Hakunitukana. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni aliyeshuka kituo kisicho chake.

Neno lile limenikaa, Abdalla. Si kosa lake, alipafikia pakiwa hivyo. Ila niliangalia pande zote nikitafuta mtu wa umri wangu wa kusema "ndiyo, palikuwa na maji," na sikumwona hata mmoja. Niliyekuwa naye ni mtoto wangu, na yeye alikuwa akimwangalia yule mama.

Njiani hakuniuliza chochote mpaka tulipokaribia reli. Kisha akasema, "Baba, sasa hao samaki walikuwa wakiogelea wapi?" Nikamweleza tena. Alisikiliza. Usiku akachora nduma, akachora miwa, ule mfereji mweusi, na yule mama na jembe lake, amechora vizuri sana, nitakutumia picha yake. Ukurasa wa "palivyokuwa" ameuacha mweupe. Nilipomuuliza alinijibu kwa adabu kabisa, "Nitachora nikiona, Baba." Hajaniita mwongo. Angeniita ningejua la kumjibu.

Na tangu siku hiyo mimi mwenyewe nalala nalitafuta jiwe. Nikifumba macho naliona kushoto, nikigeuka ubavu naliona kulia. Rangi ya maji nayo, mara ni kahawia, mara ya kijani. Zamani jambo likinipotea ningepita kwa Rama jioni, tukabishana, likapatikana. Tangu tumzike Rama tumebaki wawili tuliokaa juu ya jiwe lile, na mmoja ndiye mimi ninayesahau.

Sasa nakuja kwenye ninachoomba. Ile picha ya Idi ya mwaka 1987. Mama alipohamia kwako alikwenda na sanduku lake la bati, na picha zake zote zilikuwa chini kabisa, zimefungwa kwenye leso. Siku ile tulitoroka na kanzu mpya, mpiga picha wa sikukuu akatufuata hadi ukingoni kwa kudhani tuna pesa, akatupiga, na tulikuwa hatuna. Mama alimlipa wiki mbili baadaye baada ya kutulipa sisi kwanza kwa mwiko. Mwombe kwa upole, najua kufungua sanduku lile ni kumfungulia mengi, na Rama, Mama alimpenda kama mtoto wa tumbo lake. Akikataa usimsukume. Akikubali, usiipige picha kwa simu, nitumie yenyewe, dereva anarudi huku Alhamisi. Nataka Twaha aishike mkononi ageuze nyuma aone imeandikwa. Nitairudisha kwa mkono wangu nikija Desemba. Shule zinafunguliwa tarehe 28, kwa hiyo siku ni chache.

Kabla hujaifungua picha hiyo, niandikie haya. Ukiwa umeupa tuta mgongo, jiwe lilikuwa mkono gani? Tulihesabu hatua ngapi, na nani alikuwa akihesabu? Maji yalikuwa rangi gani asubuhi, kabla upepo haujaanza? Kwenye picha, samaki ameshikwa na nani, na alikuwa ngege au kambare? Wale wazee wa mashua walikuwa wakitufukuza, au ndio waliotupa ndoano zile nzuri, au yote mawili? Huku mbele yetu kulikuwa na matete, au matete nimeyaleta mimi kutoka kwingine? Na siku Rama alipoteleza akaingia, nani alimvuta, mimi au wewe? Nimekuwa nikisimulia ni mimi, miaka yote hii, hata matangani kwake nilisema ni mimi.

Msalimie Mama, mpe mkono wangu.

Nduguyo,
Yusufu