Limita katika nyimbo za Jumamosi
Ndugu wanakikundi, habari za jioni. Kabla hamjatuma nyimbo za kikao cha Jumamosi, naomba tuangalie matumizi ya limita (kifaa au programu inayozuia sauti kupita kiwango fulani), kwa sababu nyimbo tatu kati ya zilizonifikia zimebanwa hadi kiki (ngoma nzito ya chini) imepoteza mdundo na besi inakwaruza. Wekeni dari, yaani kiwango ambacho sauti haitakipita, kwenye -1 dBTP (desibeli za kilele halisi cha sauti) na mchague limita inayopima kilele halisi, kwani faili linapogeuzwa kuwa MP3 vilele huweza kupanda kuliko mlivyoviona kwenye mita. Spotify kwa kawaida husawazisha sauti kwenye -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), hivyo wimbo uliosukumwa hadi -7 utashushwa, lakini madhara ya kubanwa yatabaki. Limita ikikata desibeli 5 au 6 kila kiki inapopiga, rudini kwenye miksi mpunguze kiki yenyewe. Muda wa kuachia, yaani muda ambao limita huchukua kuacha kubana, ukiwa mfupi mno, besi hukwaruza. Uongezeni taratibu huku mkisikiliza. Tena nasisitiza, linganisheni wimbo wenye limita na usio nayo kwa ukubwa uleule wa sauti, maana sikio hupenda chenye sauti kubwa hata kikiwa kimeharibika. Faili za WAV za biti 24 zinifikie Ijumaa kabla ya saa mbili usiku.