Saa moja ya ana kwa ana haimtoshi mgonjwa wa kisukari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaandikie wasomaji wako, hasa wale wenye wazazi waliofika Marekani wakiwa watu wazima na leo wanatibiwa kisukari kwa Medicare, bima ya afya ya serikali kuu ambayo hasa ni ya wazee. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili katika kliniki hapa Louisville, Kentucky, mji wenye familia nyingi zilizotoka Kongo. Siku nyingi nakaa kati ya muuguzi na mzee aliyeambiwa ana sukari. Mafunzo ya kujitunza yapo na sheria inayatambua, ila yamepangwa na kutozwa kwa namna inayowaacha nje wale wanaoyahitaji kuliko wote.

Medicare inampa mgonjwa, kwa barua ya daktari wake, saa 10 za mafunzo katika miezi 12 tangu ayaanze. Kati ya hizo, saa 9 ni za darasa la kundi na saa 1 tu ndiyo ya mtu peke yake na mwalimu wake. Baada ya hapo anabaki na saa 2 kwa mwaka. Asiyezimaliza saa zake 10 ndani ya muda huo, zimempotea.

Sasa mchukue mama wa miaka 70, mzaliwa wa Uvira, mkalishe katika darasa la Kiingereza. Ukutani zinapita picha za pankeki, tambi na mikate. Yeye nyumbani anakula fufu ya muhogo, sombe (majani ya muhogo) na samaki. Hakuna anayemwambia kwamba sombe haina neno, mzigo uko kwenye lile donge la fufu, na kwamba akilipunguza likawa kama ngumi yake, kipimo cha asubuhi kitamwonyesha tofauti. Anatikisa kichwa kwa heshima, anarudi nyumbani, na wiki inayofuata haji.

Kuna mambo mengine hayafundishiki darasani hata kwa Kiswahili. Nimemwona mama aliyekuwa akijichoma insulini mahali pale pale tumboni, kwa sababu hapo hapakuwa pakimuuma tena. Sukari yake ilikuwa haitabiriki, leo juu, kesho chini, na dozi ilikuwa ikiongezwa tu. Siku alipopata mwalimu wa peke yake, mlango ukafungwa, akainua nguo, mwalimu akapapasa na kukuta uvimbe mgumu chini ya ngozi. Dawa ikiingia kwenye uvimbe wa namna ile hainyonywi sawasawa. Akaelekezwa kubadilisha mahali, na akaonywa kwamba akihamia kwenye ngozi nzima dozi ile ile inaweza kumshusha sukari ghafla, kwa hiyo apime mara nyingi zaidi na daktari aiangalie dozi upya. Mama yule asingeinua nguo yake mbele ya watu wazima kumi, wanaume kwa wanawake. Na muda nao ni shida: kila sentensi inasemwa mara mbili, kwa hiyo nusu saa yenye mkalimani ni robo saa ya mafunzo.

Halafu kuna malipo. Kwanza mgonjwa anamaliza kiasi cha mwaka anachotakiwa kulipa mwenyewe kabla Medicare Part B, sehemu inayolipia huduma za daktari na kliniki, haijaanza kuchangia; mwaka 2025 kilikuwa dola 257. Baada ya hapo bado anadaiwa asilimia 20 ya kila kipindi. Kwa nusu saa ya mtu mmoja ni dola kumi hivi, na kuna watakaosema hizo ni hela ndogo. Si ndogo kwa mzee anayegawa hela ya mwezi kati ya kodi ya nyumba na chakula, tena akimtegemea mwanawe akose saa za kazi ili ampeleke. Bili ikifika nyumbani bila maelezo, wengi huacha kwenda kabisa, maana wanaogopa deni kuliko wanavyoogopa kisukari.

Wala hili si jambo lisilowezekana kurekebishwa. Ushauri wa lishe wa mtaalamu, saa 3 katika mwaka wa kwanza, Medicare inaulipia wote bila mgonjwa kutoa senti. Kila aina ya insulini anayolipiwa nayo tangu 2023 haimgharimu zaidi ya dola 35 kwa mwezi. Kwa nini basi mafunzo yanayomwonyesha mtu jinsi ya kuitumia insulini hiyo yabaki na tozo? Ni takriban asilimia 5 tu ya wagonjwa wapya wa kisukari walio kwenye Medicare waliowahi kuhesabiwa kuwa wameyatumia. Mguu ukikatwa, au mtu akilazwa kwa sukari kushuka, serikali hiyo hiyo ndiyo inayolipa, na inalipa mara nyingi zaidi ya hapo.

Lakini kuna mlango ambao watu wetu hawajaambiwa, na ndio hasa ulionifanya nishike kalamu. Kanuni za Medicare zinaruhusu saa zote ziwe za mtu peke yake endapo daktari ataandika kwenye faili kwamba mgonjwa ana kizuizi cha lugha, macho au masikio kitakachomzuia kufaidika na darasa. Vilevile inaruhusiwa kama hakuna darasa litakaloanza ndani ya miezi miwili. Daktari asipoandika, mzee anapelekwa kundini. Kwa hiyo wewe unayempeleka mama au baba, liombe jambo hili kabla barua haijatumwa. Omba na mkalimani: kliniki inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kumtoa bure chini ya sheria ya haki za raia ya 1964, hakuna haja ya kumtumia mjukuu. Na kama kipato cha mzee ni kidogo, uliza ofisi ya jimbo ya Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kama anastahili QMB, mpango wa kumsaidia gharama za Medicare, maana akikubaliwa hadaiwi ile asilimia 20.

Mswada wa kuiondoa tozo hiyo umeshapelekwa Bungeni Washington zaidi ya mara moja bila kupitishwa. Mliokwisha kuwa raia, pigeni simu ofisi ya mbunge wenu na ya maseneta wenu, mtaje Medicare na mafunzo ya kisukari, mseme mnataka tozo iondolewe na saa za mtu mmoja mmoja ziongezwe.

Mkalimani,
Louisville, Kentucky