Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wanakemia, Mombasa

Ndugu wanachama, walezi wetu, na wageni mliotutembelea, assalaam aleikum na hamjambo nyote.

Katiba inanitaka niwaeleze chama kilivyokwenda mwaka huu. Shughuli za kawaida sitazirefusha; wengi mlikuwapo, na ambao hamkuwapo mlitumiwa kumbukumbu. Semina za Jumamosi zilifanyika Tudor karibu kila mwezi, isipokuwa Ramadhani na mwezi wa mitihani. Tulitembelea maabara ya maji na ya saruji. Tulikwenda Kibuyuni kwa kina mama wakulima wa mwani, na mwanachama wetu wa uzamili akawaonyesha jinsi mwani ukichemshwa kwenye potasi kali unavyotoa karajinani, utando wa mwani wa kugandishia vyakula, inayoganda vizuri zaidi. Wanafunzi wawili waliwasilisha kazi zao Nairobi. Wanachama watatu wametunukiwa uzamili na mmoja uzamivu. Tuliwapongeza siku ile na leo nawapongeza tena.

Kuhusu mitandao ya kitaaluma, nimefanya niliyoweza na zaidi. Niliwaandikia wanafunzi barua za utambulisho kwa mkono wangu mwenyewe, nyingine usiku wa manane. Kila tangazo lililonifikia nililipeleka kwenye kundi la WhatsApp siku ile ile: la NAPRECA, mtandao wa utafiti wa kemia ya mimea na viumbe wa Afrika Mashariki na Kati, ambao upo tangu 1984, la SEANAC, wa wanakemia wa uchambuzi wa kusini na mashariki mwa Afrika, la mafunzo ya OPCW, shirika la kimataifa la kuzuia silaha za kemikali, kwa wachambuzi wa nchi zetu, na ya ufadhili wa masomo na utafiti wa DAAD ya Ujerumani na TWAS, chuo cha wanasayansi wa nchi zinazoendelea. Majibu yake yalikuwa alama za dole gumba. Maombi yaliyotumwa kwa wakati ni machache mno, na mengine yalirudi kwa kukosa sahihi ya msimamizi. Wasimamizi mliomo humu ndani, sahihi ni kazi ya dakika moja. Mwanafunzi aliyeikosa husubiri mwaka mzima.

Sasa niingie kwenye jambo lililowaleta wengi wenu leo.

Mwezi wa tatu kamati iliamua kuwafungulia mlango mafundi sanifu wa maabara, wenye stashahada, walioko bandarini, kwenye mafuta kule Changamwe, kwenye maji, saruji na chai, wawe wanachama kamili wenye haki ya kupiga kura. Wanachama wanane waliandika barua ya kupinga, na barua hiyo ilizunguka kwenye kundi kabla haijafika mezani kwangu. Yaliyomo mnayajua: kwamba mwenyekiti amekishusha chama hadhi, kwamba chama cha wasomi kimegeuzwa chama cha wafanyakazi, kwamba natafuta kura. La kura nalijibu kwa sentensi moja. Uchaguzi ni mwakani, na nimeshamwandikia katibu kwamba sitagombea.

Kwanza utaratibu, kwa sababu nimesingiziwa kwamba niliuvunja. Kifungu cha nne cha katiba, na mimi ni mmoja wa walioiandika, kinasema mwanachama ni mtu yeyote anayesoma, anayefundisha au anayefanya kazi ya kemia Mombasa na jirani zake. Shahada haikutajwa. Hata hivyo, kwa heshima ya wanachama, kamati iliitisha mkutano maalumu ili jambo hili lijadiliwe. Akidi haikutimia. Tukauitisha tena, haikutimia tena. Kati ya wanane walioandika barua walifika wawili, nawashukuru hao wawili. Mimi na katibu tulikaa ukumbini mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Baada ya hapo kamati ilitumia mamlaka yake, na ilikuwa haki yake.

Sasa sababu yenyewe. Ndugu zangu, tazameni mafunzo ya uzamili yanavyokwenda kwetu. Mwanafunzi anamaliza masomo ya darasani, anatetea pendekezo lake, anahangaikia kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kama kazi yake ni ya mimea au viumbe vya baharini anahitaji na cha NEMA, mamlaka ya mazingira. Anafika maabara akiwa ameshachoka. Pale anakuta mashine ambayo hajaonyeshwa hata siku moja inavyofunguliwa. Anaweza kukuandikia mlinganyo wa van Deemter, nadharia ya mashine hizo za kutenganisha kemikali, ubaoni bila kutazama daftari, lakini sindano ikigoma hajui aguse wapi. Msimamizi wake naye ana wanafunzi wengine, ana vipindi, ana vikao. Hapo ndipo tasnifu zetu zinapokwama. Kwenye nadharia hatuna shida.

Mwaka huu mwanafunzi wetu mmoja alikuwa akichunguza asidi za mafuta kwenye mbegu za mwarobaini. Vilele vya kromatogramu, yaani mchoro unaotolewa na mashine ya kutenganisha kemikali kwa gesi, vilikuwa vikisogea: leo dakika hii, kesho nyingine, na mikia mirefu nyuma yake. Akaambiwa sampuli yake ni chafu. Akakamua mafuta upya, akatengeneza esta upya, akaimaliza methanoli safi aliyokuwa amechangiwa na shangazi yake. Jumamosi moja akaja fundi wa maabara ya mafuta, mmoja wa hawa tunaoambiwa hawana hadhi. Sampuli hakuitazama kabisa. Alizima joto, akasubiri mashine ipoe, akafungua nati ya juu, akachomoa kwa koleo kizibo cha mpira kisichozidi kitufe cha shati, katikati kimechanwachanwa na sindano. Gesi ilikuwa ikivuja hapo. Akatoa na bomba la kioo la ndani. Lilikuwa jeusi kwa masizi, na vipande vya mpira vimeganda ubavuni. Akabadilisha vyote viwili, akaipa mashine muda, kisha akaingiza myeyusho wa kulinganishia mara kadhaa mfululizo. Vilele vikasimama mahali pamoja. Yule binti alikaa kwenye kiti akalia. Nilikuwapo. Tasnifu yake sasa iko kwa watahini.

Nauliza walioandika barua: hadhi iko wapi hapo, kwa aliyejua au kwa tuliomwambia sampuli yake ni chafu?

Kuna jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Mafundi wengi kati ya hawa wanatoka maabara zinazofuata ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara za upimaji. Kila mzani una kumbukumbu ya urekebishaji wake, kila tokeo lina kiasi cha mashaka kilichopigiwa hesabu, na kila chupa ya myeyusho ina tarehe na jina la aliyeutengeneza. Wakija kwenye semina wanawauliza wanafunzi wetu maswali ambayo watahini hawayaulizi: umelinganisha na nini, umerudia mara ngapi, kiwango cha chini kabisa unachoweza kukipima ni kipi. Mara ya kwanza kulikuwa na manung'uniko. Sasa wanafunzi huja wamejiandaa.

Na sisi wa Mombasa tunajua namba ya kemia inaweza kubeba uzito gani. Kesi ya Owino Uhuru, mtaa uliotiwa sumu na kiwanda cha kuyeyusha betri, haikuwa mbali na hapa. Ni Mikindani tu. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi wale fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa madhara ya sumu ya madini ya risasi. Kiasi cha risasi kwenye damu ya mtoto au kwenye udongo wa uani hakipimwi kwa makadirio. Kinatakiwa kisimame mbele ya wakili anayelipwa kukiangusha. Mwanafunzi wa uzamili asiyejifunza nidhamu hiyo akiwa kijana, ataijifunza lini?

Mmoja wa walioandika barua alisema kemia ya juu ni ya wenye uzamivu. Tanaka Koichi, Mjapani, alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2002 akiwa na shahada ya kwanza ya uhandisi wa umeme, mfanyakazi wa Shimadzu, kampuni ile ile ambayo mashine zake baadhi yenu mnazitumia kila siku. Alipata njia ya kuzipima uzito molekuli kubwa kama protini kwa spektrometa ya masi bila kuzivunja, na kazi hiyo aliifanyia kiwandani. Na hata mitandao tunayoitamani imelijua hili kabla yetu. Programu ya Kimataifa ya Sayansi ya Uppsala, Uswidi, iliyoanza 1961, ilisaidia makundi ya utafiti kwa miaka mingi na kuwaacha wanafunzi wasome kwao huku wakienda na kurudi kwenye maabara za nje. Mashariki na kusini mwa Afrika ulikuwapo mtandao wa watumiaji wa vifaa vya kisayansi, NUSESA, kwa sababu wakubwa wetu waliona mapema kwamba mashine isiyo na wa kuitengeneza ni sanduku. Chuo tunachokutania hapa Tudor, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, nacho kilianza kama taasisi ya ufundi ya elimu ya Waislamu, MIOME, kikawa Politekniki, kikapata hati ya chuo kikuu mwaka 2013. Wakongwe wetu kadhaa walipita humo wakiwa mafundi. Sitawataja; wenyewe wanajijua.

Hoja moja ya ile barua naiheshimu. Wanasema kura za mafundi zinaweza kuvuta fedha za wanafunzi zikaenda kwenye mambo ya viwanda. Kwa ajili hiyo kamati imeandika kwamba fungu la safari na vifaa vya wanafunzi haliguswi bila idhini ya mwakilishi wao. Azimio lipo, limetiwa sahihi, anayetaka kulisoma amwone katibu.

Nije kwenye mahudhurio, na hapa nasema kwa uchungu. Kuna semina tuliyoagiza viazi karai na chai vya watu arobaini, kwa kuwa ndio waliothibitisha. Walikuja kumi na wachache, na kati yao mafundi walikuwa wengi kuliko wenye shahada. Mtoa mada alikuwa amevuka feri tangu alfajiri kutoka Kwale. Sababu nazijua: msongamano wa Makupa, harusi, matanga, watoto. Zote ni za kweli. Lakini fundi anayetoka zamu ya usiku bandarini naye ana harusi na matanga.

Hesabu za fedha ni hizi, kama mweka hazina alivyozikagua. Daftari lina wanachama 94: mafundi wapya 21, waajiriwa wa zamani 32, wanafunzi 41. Ada ni shilingi 2,000 kwa aliyeajiriwa na 500 kwa mwanafunzi. Waliolipa ni mafundi 19, waajiriwa wa zamani 11 na wanafunzi 14, jumla shilingi 67,000. Tulianza mwaka na 48,300. Tumetumia 77,600: ukumbi na chai 31,500, safari ya Nairobi 28,000, vifaa vidogo vya maabara 14,200, uchapishaji na benki 3,900. Zimebaki 37,700. Madeni ya ada ni 59,500. Kati ya waliotia sahihi ile barua, watano hawajalipa mwaka huu. Sisemi hili kumdhalilisha mtu. Lipo kwenye daftari na daftari ni la wanachama wote.

Mafundi hao 19 peke yao wameleta zaidi ya nusu ya ada zote. Kamati isingewafungulia mlango, wale wanafunzi wawili wasingefika Nairobi.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, inshallah, kuwa na siku za mazoezi ya mashine ambapo mafundi watafundisha na wanafunzi watashika bisibisi wenyewe. Tunatarajia kuwa karibu zaidi na wenzetu wa Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na watafiti wa bahari wa KMFRI pale Mkomani. Tunatumaini pia kupata njia ya kupeleka sampuli kwenye mashine kubwa ambazo hapa hatuna, bila kila mwanafunzi kujitafutia mtu wake Nairobi. Mazungumzo yameanza. Mimi mwenyewe nimeyasukuma, na atakayenirithi nitamkabidhi barua zote.

Natoa shukrani kwa katibu, ambaye simu yake hailali. Kwa mweka hazina, aliyevumilia maneno mengi yasiyomstahili. Na kwa waangalizi wa maabara wanaotufungulia milango Jumamosi bila malipo.

Uamuzi kuhusu mafundi utapigiwa kura leo baada ya taarifa hii, ili asije mtu kusema ulipitishwa gizani. Kamati inapendekeza uthibitishwe. Kwa mujibu wa kifungu cha kumi na moja, mwenye deni la ada hapigi kura. Mweka hazina amekaa mlangoni na kitabu cha risiti, anapokea fedha taslimu na M-Pesa, na atafunga kitabu kura ya kwanza itakapoitishwa.

Nawasilisha.

Mwenyekiti