Fundi wa kukagua jahazi asiletwe na dalali

Mhariri,

Anayetafuta jahazi au mashua iliyotumika hapa Lamu huletewa na dalali vitu viwili kwa pamoja: chombo, na fundi wa kukikagua. Chombo akitazame, ila fundi huyo amkatae. Ujira wa dalali hutoka kwenye bei, tena chombo kikiuzwa tu. Fundi anayemtegemea dalali kwa kazi ya kesho hatagonga ubao utakaovunja biashara ya leo. Mafundi hawakosekani Matondoni. Mnunuzi ajitafutie wake, wapatane ujira wa siku mapema, na amlipe hata akikiacha chombo.

Ukaguzi ungoje bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Chombo kisogezwe pwani maji yakijaa, kipwelewe, yaani maji yakipwa kibaki pakavu. Kikilala ubavu wa kulia, wa kushoto ndio unaoonekana; maji yanayofuata kilazwe upande wa pili. Anayemaliza kwa maji mamoja amekagua nusu ya chombo.

Rangi mbichi na deheni ya juzi zisimpendeze mtu. Deheni, yaani shahamu na chokaa, huzuia wadudu wanaotoboa mbao, lakini pia hufunika matundu yao. Tundu la nje ni dogo kama kichwa cha pini, na ndani yake njia yaweza kuingia kidole. Kwa hiyo fundi akwangue sehemu kadhaa, agonge kwa mpini wa nyundo: mbao nzima hulia, iliyoliwa hutoa sauti ya bubu. Mahali pa kuanzia ni uso wa chini wa mkuku, ule mti mkuu wa chini unaobeba chombo. Huko deheni hukwanguliwa na mchanga na matumbawe kila chombo kikigusa chini, mdudu akapata mlango, na hapaonekani mpaka mchanga uchimbwe au mkuku uinuliwe juu ya magogo. Kisha mbao ya kwanza juu ya mkuku, na vitako vya taruma (mbavu za chombo) ndani ya ngama, yaani sakafu ya chini kabisa ya chombo, ambapo maji ya mvua hutuama. Maji ya mvua huozesha mbao kuliko ya chumvi. Kisu kikizama bila kusukumwa kwa nguvu, taruma hiyo imekwisha. Michirizi ya kutu chini ya vichwa vya misumari nayo ihesabiwe.

Kuna neno madalali hulipenda: “Inavuja kwa sababu imekauka, mbao zitafura.” Pengine ni kweli. Chombo kilichokaa juani huvuja kikirudi majini, kisha uvujaji hupungua siku hadi siku. Basi kipimwe. Jioni fueni, yaani tekeni nje, maji yote, kisha asubuhi tieni alama ya chaki kwenye taruma pale maji yalipofika. Rudieni usiku wa pili na wa tatu. Baada ya hapo kitwekwe tanga, kiende kwenye mawimbi nje ya mlango wa bahari wa Shela. Kikitulia bandarini lakini kikavuja kikiwa safarini, misumari imelegea na mbao zinacheza. Pamba ya kuzibia nyufa na sifa, yaani mafuta ya samaki, peke yake hazitaponya.

Fundi aandike hesabu, si “kiko sawa”: mbao ngapi za kubadilisha, taruma ngapi, pamba kilo ngapi, siku ngapi za kazi. Karatasi hiyo ndiyo ya kupunguzia bei. Cheti cha KMA, mamlaka ya Kenya ya usafiri wa baharini, kinahusu usalama siku ya ukaguzi wao, hakisemi chombo kina thamani gani.

Kuhusu fedha, arbuni itolewe kwa maandishi yanayosema itarudishwa ukaguzi ukikataa. Jina la muuzaji lilingane na la usajili. Chombo cha urithi kitiwe sahihi na warithi wote, maana ndugu mmoja aliyeko Mombasa anaweza kuja kudai fungu lake tanga likiwa tayari juu. Na dalali alipwe umiliki ukishahamishwa, si siku ya arbuni.

Mafundi wa vyombo,
Matondoni, Lamu