Dawa ya siku tatu si dawa nyepesi

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu kwa miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Ile taarifa ya wiki jana, iliyokuwa na picha ya pakiti ya tembe tatu, imenifanya nishike kalamu. Mwandishi wenu aliiita antibiotiki ya azithromaisini dawa nyepesi ya siku tatu, akasema inafaa kwa kikohozi, kwa koo, kwa tumbo na hata kwa mtoto mchanga, kisha akawahimiza wasomaji wamalize dozi. Hilo la kumaliza dozi aliliacha bila maelezo, ilhali ndilo linalowapotosha wazazi wengi.

Siku tatu hazina uhusiano wowote na wepesi. Erithromaisini, iliyotangulia katika ukoo huu wa antibiotiki uitwao makrolaidi na kuanza kuuzwa mwaka wa 1952, humezwa hadi mara nne kwa siku kwa sababu hutoka mwilini haraka. Azithromaisini, iliyogunduliwa Zagreb mwaka wa 1980, hujikusanya ndani ya seli za mwili na huchukua takriban saa 68 kupungua hadi nusu. Mtu mzima aliyemeza miligramu 500 Jumatatu, Jumanne na Jumatano bado ana dawa ya kutosha mwilini siku kadhaa baadaye. Hana sababu ya kurudi kwenye kemisti Alhamisi kudai pakiti ya pili eti kikohozi hakijaisha. Ukaaji huo una upande wake mbaya pia: mtu akivimba uso au akitoka vipele, akatulizwa, dalili zinaweza kurudi kwa kuwa dawa bado imo mwilini. Huyo haambiwi aende nyumbani akalale. Anahitaji kuangaliwa kwa siku kadhaa.

Kuhusu kikohozi na mafua, jibu ni fupi. Makrolaidi hushika ribosomu za bakteria na kuzizuia kutengeneza protini. Mafua na vikohozi vingi huletwa na virusi, na virusi havina ribosomu. Wakati wa Korona watu walizimaliza pakiti hizi madukani, halafu Desemba 2020 utafiti mkubwa wa Uingereza, RECOVERY, ukaeleza kwamba azithromaisini haikuwasaidia wagonjwa waliolazwa. Wala hatuhitaji kuvuka bahari kupata funzo. Hapa jirani, Kisii na Homa Bay, utafiti wa Toto Bora ulifuatilia watoto 1,400 waliokuwa wakiruhusiwa kutoka hospitalini. Nusu walipewa azithromaisini ya siku tano, nusu wakapewa dawa tupu isiyo na kitu, na haikuonekana kwamba dawa ilipunguza vifo au kurudi wodini. Kama watoto waliokuwa wagonjwa kiasi hicho hawakufaidika kwa kupewa tu bila kulengwa, mtoto wa mtaa wa Manyatta, hapa Kisumu, mwenye kamasi atafaidika vipi?

Kinachoniudhi zaidi ni dawa ya maji ya watoto, ambayo mwandishi wenu aliipita kwa neno moja, "rahisi". Mama mmoja alifika kwenye kaunta yangu na chupa ambayo kemisti moja mtaani ilimuuzia ikiwa unga mkavu, bila kumwambia lolote. Alikuwa ameongeza maji ya mfereji hadi akaridhika kwa macho, akampa mtoto kijiko cha jikoni kwa siku mbili, akaona homa haishuki. Hebu tuhesabu. Chupa ya kawaida ina miligramu 600, na ikichanganywa vizuri inatoa ml 15, yaani miligramu 200 katika kila ml 5. Zipo chupa zinazotaka ml 9 tu za maji kwa sababu unga wenyewe hujaza nafasi iliyobaki. Ukiweka ml 15 za maji unapata takriban ml 21 za dawa dhaifu. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 10 kwa kila kilo, yaani miligramu 120, sawa na ml 3 mara moja kwa siku. Kwenye chupa ile iliyozidishwa maji, ml 3 zinabeba miligramu 86 hivi. Hapo bakteria dhaifu wanakufa, wenye nguvu wanabaki, na mama anaamini dawa imeshindwa. Maji yachemshwe, yapoe kabisa, yapimwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kwa kifuniko wala kwa jicho. Unga ugongwegongwe kwanza ulegee, maji yatiwe, chupa itikiswe vizuri, na itikiswe tena kabla ya kila dozi, la sivyo mtoto anakunywa maji siku ya kwanza na matope siku ya tatu.

Sasa lile neno "maliza dozi". Mtoto huyo wa kilo 12 akinywa ml 3 kwa siku tatu ametumia ml 9. Zinabaki ml 6 chupani, na zinapaswa kubaki. Mzazi anayetii gazeti lenu ataendelea kumnywesha mpaka chupa ikauke, na mwingine atazificha kabatini zimngoje mdogo wake mwezi ujao. Wote wawili wanakosea. Dozi ni siku na kipimo, chupa ni chombo tu. Dawa iliyokwisha kuchanganywa hudumu siku 5 au 10 kulingana na mtengenezaji, na karatasi iliyomo kwenye boksi hutaja ni ngapi. Zikipita, mabaki yarudishwe dukani. (Azithromaisini haihitaji friji. Klarithromaisini ya maji, ya ukoo huohuo, ikiwekwa kwenye friji huwa nzito hata haimiminiki, na watu huitupa wakidhani imeharibika.)

Mtoto mchanga ni suala jingine. Makrolaidi kwa mtoto wa chini ya wiki sita zinaweza kusababisha mlango wa chini wa tumbo la chakula kukaza, maziwa yasipite. Dalili yake ni matapishi yanayoruka kwa nguvu baada ya kunyonya. Kuna wakati daktari huitoa hata hivyo, hasa kwa kifaduro, kwa sababu kifaduro chenyewe huua. Huo ni uamuzi wa kliniki, wenye mzani na tarehe ya kurudi. Kaunta ya dukani haina mamlaka hayo.

Kuhusu moyo, taarifa yenu ilinyamaza kabisa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo Machi 2013 kwamba azithromaisini inaweza kuvuruga umeme wa moyo, na mapigo yakaenda kombo kiasi cha kuua. Kwa mtu mwenye moyo mzima hatari hiyo ni ndogo sana. Lakini angalieni mgonjwa wa kawaida wa ukanda huu wa ziwa: ana homa, ameharisha na kutapika siku mbili hata potasiamu imeshuka, ameanzishiwa AL ya malaria, na pengine ana kwinini, dawa ya fangasi aina ya flukonazoli, au ya kuzuia kutapika aina ya domperidoni. Kila moja ya hizo inagusa umeme uleule, na karatasi ya AL yenyewe inaonya dhidi ya kuchanganywa na makrolaidi. Swali la kwanza kwenye kaunta liwe: "Ni dawa gani nyingine unameza?" Anayetumia dawa za moyo au za kukojoa, aliyewahi kuzirai ghafla, au aliyewahi kupata manjano kutokana na dawa hii asiuziwe kabla ya kuonwa na daktari. Klarithromaisini na erithromaisini zina shida ya ziada: huzuia ini kuvunja dawa nyingine, kwa hiyo hazimezwi pamoja na simvastatini ya kolesteroli, na anayetumia karbamazepini ya kifafa anaweza kulewa nayo. Dawa za kiungulia zenye alumini na magnesiamu ziachane na azithromaisini kwa saa mbili.

Kwa kuwa mlitaja tumbo, naomba mniruhusu niseme na hili la taifodi, yaani homa ya matumbo. Kutoka Busia hadi Nakuru mtu mwenye homa anatobolewa kidole, anafanyiwa kipimo cha Widal, anaambiwa ana "malaria na taifodi", anaondoka na pakiti ya tembe tatu. Widal hutafuta kingamwili, na kingamwili zinaweza kuwa za ugonjwa wa zamani au wa kitu kingine kabisa. Kinachoonyesha bakteria mwenyewe ni damu kuoteshwa maabara. Tuseme hata taifodi ni ya kweli: mtu mzima huanza na gramu 1, kisha miligramu 500 kila siku hadi siku ya saba, yaani tembe 8. Tatu hazitoshi kwa mwenye taifodi, na asiye nayo hakuhitaji hata moja. Huko Pakistan, tangu 2016, kuna taifodi inayoshinda karibu dawa zote za kumeza, na azithromaisini ndiyo iliyobaki. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la antibiotiki za kuchungwa. Sisi tunaigawa kama peremende.

Ninalotaka ni hili. Chupa ya unga isitoke kaunta bila kuchanganywa pale pale, mzazi akiona. Kwenye lebo iandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika uzito wa mtoto, ml za kila siku, tarehe ya dozi ya mwisho na tarehe ya kurudisha mabaki. Bomba la ml 5 litolewe bure, limechorwa mstari kwenye kipimo cha mtoto huyo. Wakaguzi wanapokuja kuangalia leseni iliyotundikwa ukutani, waombe pia kuonyeshwa birika la maji yaliyochemshwa na mzani. Kemisti isiyo na vitu hivyo viwili isiruhusiwe kuuza dawa ya maji ya watoto.

Nanyi mchapishe masahihisho kwenye ukurasa uleule, kwa ukubwa uleule, na badala ya ile pakiti mweke picha ya bomba lililojazwa hadi ml 3.

Mfamasia,
Kondele, Kisumu