Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Tawi la Chama cha Wafanyakazi kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha mtasomewa na mweka hazina. Mazungumzo ya mkataba wa hali bora yamekwama kwenye posho ya usafiri, na tutarudi mezani mwezi ujao. Muda wangu uliobaki naomba niutumie kwa wenzetu 11 walioachishwa kazi baada ya mgomo wa zamu ya asubuhi, maana kila ninayekutana naye ananiuliza swali lilelile: mgomo haukuwa halali, sasa tunadai nini?

Ni kweli haukuwa halali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka mgogoro wa kimaslahi, yaani wa kudai kitu kipya ambacho bado si haki yenu, upelekwe kwanza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, siku 30 za usuluhishi zipite bila mwafaka, kura ipigwe, kisha mwajiri apewe notisi ya saa 48. Zamu ya asubuhi ilikaa chini getini bila hata kimoja cha hayo. Na hata wangefuata yote, njia ilikuwa imefungwa. Walikuwa wanadai malipo ya saa za ziada, ambayo sheria hiyohiyo inasema yasipungue mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Hiyo ni haki iliyokwisha kuandikwa, na anayenyimwa huipeleka Tume, haigomewi. Wengi hupotea hapa, nami siwalaumu. Unaruhusiwa kugomea nyongeza ambayo hujawahi kuahidiwa, lakini huruhusiwi kugomea malipo ya jasho ulilokwisha kulitoa.

Tunachodai ni hiki. Kanuni zilizotolewa mwaka 2007, katika Tangazo la Serikali Na. 42, zinasema kushiriki mgomo usio halali ni kosa la nidhamu, lakini si kila mara linastahili kuachishwa kazi. Lazima ipimwe sheria imevunjwa kwa uzito gani, kama wafanyakazi walijaribu kuifuata, na kama mwajiri mwenyewe ndiye aliyewafikisha hapo kwa kutenda isivyo haki. Kabla ya kumwachisha mtu, mwajiri anatakiwa awasiliane mapema na viongozi wa chama, atoe onyo kwa maneno yanayoeleweka, na awape watu muda wa kutosha wa kutafakari.

Sisi tulipewa nini? Karatasi ilibandikwa getini saa 2 asubuhi, kwa Kiingereza, ikitaka kazi ianze saa 2 na nusu. Wengi waliingia kwenye mgomo kwa kufuata mkumbo. Katibu wetu alipigiwa simu saa 4. Jioni zikatoka barua 11 zenye maneno yaleyale, majina tu ndiyo yaliyotofautiana. Mmoja wa waliopewa ni mama aliyekuwa zahanati na mtoto mgonjwa, kwa ruhusa ya msimamizi wake wa zamu. Hakufika getini kabisa siku ile. Angeitwa na kuulizwa, dakika tano zingetosha.

Jambo hili wenzetu wa Afrika Kusini walishalipigania. Mwaka 2000, katika kesi ya Modise dhidi ya Steve's Spar Blackheath, Mahakama ya Rufaa ya Kazi ya huko ilisema onyo la kurudi kazini ni jambo moja na kumsikiliza mfanyakazi kabla ya kumwachisha ni jingine, na la kwanza halifuti la pili. Haitufungi sisi, lakini hoja yake ndiyo yetu. Kwetu pia sheria inamtaka mwajiri athibitishe kwamba sababu ilikuwa ya haki na utaratibu nao ulikuwa wa haki.

Shauri la wenzetu tulilifungua Tume ndani ya siku 30 tangu waachishwe. Yaliyosemwa kwenye chumba cha usuluhishi ni siri. Ninachoweza kusema ni kwamba yule mama na wenzake wawili wamerudi kazini, na wanane wanasubiri hatua ya uamuzi. Kati ya hao, wawili wanatuhumiwa kuzuia malori getini. Kama walifanya hivyo, walikosea, na sitaomba tawi hili litetee kitendo hicho. Naomba kila mmoja asikilizwe kwa alichofanya yeye.

Kuna deni langu pia. Barua ya malalamiko ya saa za ziada ilinifikia wiki tatu kabla ya siku ile, nami niliiweka nikisubiri kikao cha kawaida. Madai ya namna ile hufunguliwa Tume ndani ya siku 60, na fomu ningeijaza siku hiyohiyo. Watu wangejua kuna mahali jambo lao limefika. Nawaomba radhi wanane hao, na familia zao.

Kuanzia sasa, lalamiko la malipo likipita siku saba bila jibu la mwajiri, katibu atalifungulia shauri bila kunisubiri mimi.

Daftari la mchango wa nauli za wanane liko mezani kwa mweka hazina.