Viti 60 na kuku mmoja

Yaya, mkubwa wangu wa tumbo moja,

Ujumbe wako wa ukumbusho wa Mama nimeusoma. Nimeusoma mara tatu, ya tatu nikiwa jikoni mpaka maharagi yakashika chini. Kila mtoto dola 50. Kitenge cha sare chenye picha ya Mama. Chakula cha watu 200. Na lile la mwisho ulilolipigia mstari: viti vya plastiki 60 kwa ajili ya kanisa, jina la familia yetu liandikwe mgongoni kwa rangi nyekundu.

Umeuliza kwa nini nimenyamaza kwenye kundi la familia. Nakujibu hapa, kwa sababu kule kila nikianza kuandika mtu anatuma alama ya mikono ya maombi na mazungumzo yanafungwa.

Kwanza nikushukuru. Sitaki wanaosoma wadhani una roho mbaya. Januari 2002, moto wa volkano ya Nyiragongo ulipoukata mji wetu wa Goma katikati, wewe ndiye uliyenibeba mgongoni mpaka Gisenyi, kule Rwanda, sufuria kichwani, na wewe mwenyewe ulikuwa mtoto. Ada yangu ya miaka miwili ya mwisho ya sekondari ulilipa wewe. Jeneza la Mama ulilipa wewe, na motari wote, wale wa pikipiki, waliotusindikiza makaburini uliwajazia mafuta. Sijasahau. Nayataja mbele ya watu, maana najua unapenda yatajwe.

Ona, nimeshaanza.

Kilichoninyamazisha ni Jumapili ile ya mavuno, yaya. Unaijua. Alhamisi yake Mama alikupigia, mimi ndiye niliyemtafutia namba. Alikuomba dola 35, za dawa ya presha na vipimo alivyoandikiwa. Ulimjibu kwa upole, hilo sikunyimi: "Mama, za mwezi huu zote nimemwekea Bwana ahadi. Siwezi kugusa kitu cha Bwana." Mama akasema amina. Alisema amina, akanirudishia simu, akaenda kupalilia mboga zake za lengalenga kule kwenye mawe.

Jumapili akamchukua kuku wake, yule mwekundu aliyekuwa akitaga, akamfunga miguu kwa utepe wa kitambaa, akampeleka madhabahuni. Hakuwa na kingine. Baada ya ibada ukaja mnada wa matoleo: mkungu wa ndizi, mihogo, mfuko wa makala ya kupikia, samaki wadogo wa sambaza wakavu, halafu kuku wa Mama. Ukaanza na dola 10. Yule muuza mbao akasema 20. Mkapandishana, shemasi anakimbia na maikrofoni kati yenu hadi jasho linamtoka, na mlipofika 80 vijana walikuwa wamesimama juu ya mabenchi. Ukamaliza na 120. Ukamwinua kuku juu kama mtu aliyeshinda kombe, ukamkabidhi Mchungaji. Mpiga picha akalalamika kwamba amechelewa. Ukampokonya Mchungaji kuku, ukamkabidhi tena. Katibu akakuandikia risiti palepale.

Mama alipiga vigelegele. Hapo ndipo ninaposhindwa. Angelia, ningekuwa nimekusamehe zamani. Alipiga vigelegele, akamgeukia mwanamke wa pembeni yake, akasema, "Ni wangu yule." Mpaka leo sijui alisema kuku au alisema wewe.

Kisha akarudi nyumbani kwa miguu, ndara moja imekatika mkanda, kwa sababu franka za motari alizitia kwenye bahasha ya sadaka.

Wewe ulinifundisha shule ya Jumapili, kwa hiyo sikufundishi Marko 7. Unalijua neno Korbani. Mtu anamwambia mzazi wake: kile ambacho ningekusaidia nacho nimekiweka wakfu kwa Mungu. Neno moja tu, na mama anabaki mikono mitupu, tena hakuna wa kumlaumu mwana kwa sababu amemtaja Mungu. Yesu hakusema watu hao wana imani kubwa kupita kiasi. Alisema wanalitangua neno la Mungu, lile la kuwaheshimu baba na mama. Nilipolisoma tena baada ya matanga nilifunga Biblia, nikatoka nje.

Na yule mjane wa senti mbili! Kila mabati yakihitajika tunahubiriwa yeye, Marko 12, kuanzia mstari wa 41. Mstari wa 40 nani anausoma? Hapo juu kabisa Yesu ametoka kusema juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane na kusali sala ndefu. Hekaluni, kwa masimulizi ya Wayahudi wenyewe, palikuwa na masanduku 13 ya sadaka, yenye umbo la tarumbeta. Fikiria fedha nyingi zikiingia mle, kisha vijisarafu vyake viwili. Nani angegeuka?

"Wamekwisha kupata thawabu yao," ndivyo Mathayo 6 inavyosema juu ya wanaopigiwa panda, yaani tarumbeta, wanapotoa. Mwalimu wetu wa mafunzo ya Biblia alitueleza kwamba neno lile kwa Kigiriki watu waliliandika kwenye risiti: nimepokea yote, sidai tena. Wenzangu waliandika kwenye daftari. Mimi niliona mkono wa katibu wetu ukikuchania karatasi.

Ningekuwa wewe ningempa Mama 35 kwanza, kisha nikapanda mnadani na 85 zilizobaki. Kuku ungempata, muuza mbao alikuwa ameshachoka. Makofi ungeyapata yaleyale.

Najua utauliza mimi nilitoa nini. Ndiyo, mwezi ule ilikuwa zamu yangu ya likilimba, ule mchezo wetu wa kuchangiana, dola 40, najua dada yetu alikuambia. Zilikuwa za sare ya kwaya. Tulikuwa tumeshapimwa. Ulitaka nisimame na nguo ya zamani katikati ya wanawake 22 waliovaa kijani? Isitoshe, mimi ndiye niliyekaa naye. Mimi niliyemchotea maji, niliyempikia bugari (ugali) na sombe ya majani ya muhogo bila chumvi, akinung'unika kila siku kwamba namlisha majani ya mbuzi. Kazi hizo hazipandishwi mnadani. Kitambaa kimoja nilikuwa na haki nacho. Nilikuwa nayo hiyo haki, yaya.

Sisemi kwamba zile 35 ndizo zilizomuua. Aliishi miaka miwili tena. Nawe hujui kwa nini aliishi, kwa hiyo nikuambie.

Jumanne ile usiku, umeme hakuna, Mama Pasta, mke wa Mchungaji, alibisha hodi. Peke yake. Chini ya kitenge chake alikuwa amemficha kuku mwekundu. "Mama, huyu ananichafulia uwanja, nisaidie kumfuga." Uwanja wake unaujua, unaweza kufuga ng'ombe. Chini ya bawa la kuku palikuwa na karatasi iliyokunjwa, na ndani yake dola 35. Tangu hapo, kila mwezi, alituma mtoto na dawa ndani ya mfuko wa unga. Wiki iliyofuata Mchungaji aliuliza kuku yuko wapi, akaambiwa ametoroka. Mama aliniapisha nisimwambie mtu. Alinikumbusha usiku ule wa kule Sake, Mei 2021, tulipoamriwa kuuhama mji wetu kwa ajili ya volkano ileile, alipochana kitenge chake kwa meno ampe nusu mwanamke mwenye mtoto mchanga. Akasema, "Umewahi kunisikia nikilisimulia lile?" Sikuwahi.

Miaka mitatu nimelitunza. Sasa nimelimwaga hapa, anayepita asome, kwa sababu nilitaka kukushinda wewe. Mama Pasta, ukiyaona haya, unisamehe. Nitakuja mwenyewe nipige magoti.

Dola 50 sitatuma. Benki za hapa zilifunga Januari 2025, vita ilipoingia mjini, huko Kampala labda mmesahau, na hata zingekuwa wazi nisingetuma. Siku ya ukumbusho nitapika. Uje mapema, kabla ya wageni. Vizazi vya kuku yule vimefika saba hapa uani. Yeye mwenyewe yupo, hatagi tena. Analala kwenye kiti cha Mama, kile cha mbao, na nikimfukuza anarudi.